Damu Yenyewe Itasema

Mfuko wa damu wa kwanza kusema ulisemea kwapani. Nesi mmoja wa wodi ya akina mama, ambaye kila mtu kuanzia metroni hadi wafagiaji alimwita Chapuchapu, alikuwa ameutoa kwenye jokofu asubuhi ile ukiwa na ubaridi wa kukata vidole, akaubana kwapani upande wa kushoto, ndani ya gauni la kazi, ili upate joto huku yeye akiendelea na mengine. Ndivyo walivyofanya wote pale. Wengine waliutumbukiza mfuko kwenye beseni la maji ya moto, wengine waliuanika dirishani, lakini Chapuchapu aliamini kwapa kwa sababu kwapa unatembea nalo. Alikuwa anajimiminia chai, ndipo sauti ya kiume, nzito kidogo, ikasema:

"Dada, nitoe huku."

"Ngoja nimalize chai," alisema Chapuchapu.

"Kuna joto. Halafu unanikaba."

Chapuchapu aliweka birika chini, akautoa mfuko, akaufuta kwa upindo wa gauni na kwenda nao kitanda cha pili. Alipokuwa anaunganisha mrija, mfuko ukakohoa.

"Si huyu," ulisema.

"Nani kasema?"

"Mimi. Yule wangu nilikutanishwa naye maabara, kwenye kile kichupa, tukapimwa tukaonekana tunapatana. Huyu simjui."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alifungua jicho moja, akasema hata yeye alikuwa anajiuliza, maana hajaambiwa habari za damu, yeye kaja kutolewa nyuzi. Kisha akageukia ukutani. Chapuchapu aliguna, akazunguka na mfuko kitanda hadi kitanda kama mtu aliyeokota mwamvuli anamtafuta mwenyewe. Kitanda cha nne mfuko ukasema, "Haya, ndiye." Ukatundikwa, ukashuka wote kabla ya chakula cha mchana bila usumbufu. Palipobaki kidogo chini ulisema kwaheri, na mgonjwa akaitikia.

Hakuna aliyeshangaa. Katika wodi ambayo mtu anaingia mmoja anatoka wawili, mfuko kusema si habari ya kupigiana simu. Metroni alipoelezwa aliuliza jambo moja tu, kama mfuko ulitumia lugha ya heshima. Akaambiwa ulitumia.

"Basi, endeleeni," alisema metroni.

Isije ikadhaniwa kwamba manesi wale hawakuijua kazi yao. Waliijua, tena sana. Mwaka huohuo walikuwa wamepelekwa semina ya usalama wa kuongeza damu, pale pale kwenye ukumbi wa hospitali, wakala biskuti, wakaandika mtihani. Mtihani uliuliza: kabla ya kumuunganishia mgonjwa damu, nesi afanye nini? Wote wakaandika kwamba manesi wawili wafike kitandani, mgonjwa aombwe ataje jina lake kwa mdomo wake mwenyewe, na jina hilo lilinganishwe na lililoandikwa kwenye mfuko. Ukauliza kama inafaa kupasha damu joto kwapani au kwenye maji ya moto. Wote wakaandika haifai hata kidogo. Ukauliza nesi awe wapi ile robo saa ya mwanzo damu ikianza kuingia. Wote wakaandika: kando ya mgonjwa. Chapuchapu alipata yote na mwendesha semina akaomba apigiwe makofi. Vyeti vilitiwa kwenye fremu, vikapangwa ukutani katika chumba cha manesi, juu kidogo ya lile beseni la kupashia damu.

Kwa hiyo tusidanganyane, kujua walijua. Ila majina ya watu ni marefu, na mengine yanafanana, na mgonjwa akilala anavimba uso hafanani tena na jina lake. Kitanda ni namba moja tu na hakiendi popote. Basi wagonjwa waliitwa kwa vitanda. Kitanda cha Tatu anataka maji. Kitanda cha Nane ana wageni. Wagonjwa wenyewe walizoea upesi. Kuna mama mmoja mumewe alipopiga simu akauliza ni nani anayeongea, mama akajibu, "Ni mimi, Kitanda cha Kumi," na mume akamtambua.

Baada ya ule mfuko wa kwanza, mingine nayo ikaanza kusema, kila mmoja kwa sauti na tabia ya aliyeutoa. Mfuko wa mwalimu ulirekebisha matamshi ya manesi. Mfuko wa fundi cherehani ulisema plasta imebandikwa upande. Mfuko wa mwamuzi wa mpira haukuwa na maneno, ulipiga kelele moja kali, na nesi aliyekuwa ameushika akarudi nyuma mwenyewe. Mle jokofuni iligombana kutwa kuhusu nani kaacha mlango wazi, mpaka metroni akabandika tangazo kwamba damu na wafanyakazi wapunguze sauti.

Na lazima isemwe kwamba ilikuwa mingi mno iliyosema "si huyu". Kila wiki ilisema. Hapo mtu mwenye akili zake angejiuliza: je, kabla mifuko haijaanza kusema, damu ilikuwa inakwenda kwa nani? Swali hilo halikuulizwa. Kilichofuata ni kwamba hata kale kakazi kadogo walikokuwa wanakafanya manesi, ka kutupia jicho kwenye jina la mfuko wakiwa njiani, wakakaacha. Ya nini? Damu yenyewe itasema. Ndiyo ikawa kauli ya wodi. Nesi mgeni aliyehamia kutoka kwingine alisimama siku yake ya kwanza akaanza kusoma jina kwenye mfuko kwa sauti, na mfuko ukamuuliza kama anaudharau. Wenzake wakacheka, naye akaacha.

Mganga mkuu alisifia sana. Alisema katika mkutano kwamba hospitali imepata njia ya kisasa isiyotumia umeme.

Chapuchapu alikuwa ameolewa na fundi saa. Mtaani walimwita Mzee Kimya, jina ambalo hakulikataa wala kulikubali. Alikaa mchana kutwa nyuma ya meza yake ndogo sebuleni, lenzi jichoni, akifungua saa za watu na kuzifunga, na mtu angeweza kukaa naye asubuhi nzima akaondoka na saa yake imepona bila kusikia sauti yake. Chapuchapu alimpenda kwa hilo. Akitoka kwenye wodi yenye makelele ya watoto na mifuko, nyumbani alipata pa kupumzisha masikio. Mipango ya nyumba waliijadili pamoja, kwa utaratibu wao. "Dada yangu aje akae nasi mwezi mzima, unaonaje? Haya, aje," angesema Chapuchapu. "Hii rangi ya ukuta tubadilishe? Tubadilishe." Fundi saa angepuliza vumbi kwenye saa aliyoshika, na rangi ingebadilishwa. Ndoa yao ilitajwa kwa mfano mtaani, na kweli hawakuwahi kugombana.

Damu ilipopungua jokofuni, kila mfanyakazi aliambiwa alete ndugu mmoja wa kutoa.

"Mume wangu, kesho utakwenda kutoa damu? Utakwenda," alisema Chapuchapu.

Fundi saa alikwenda. Alilala kwenye kile kitanda chembamba, akanyoosha mkono, akatazama saa ya ukutani ya maabara akaona iko nyuma. Hakusema. Akanywa soda aliyopewa akarudi kwenye meza yake.

Wiki hiyo wodini kulikuwa na binti aliyejifungua kwa taabu mtoto wake wa kwanza, wa kiume, na akapoteza damu nyingi. Aliyemuuguza ni shangazi yake, dada wa baba yake, mama wa makamo mwenye khanga iliyofifia na kikapu kisichoisha vitu. Binti alilazwa kitanda cha saba, kwenye kona yenye giza, akaambiwa damu yake inatafutwa, huenda ikapatikana kesho. Kitanda cha tano, dirishani, alilala muuza vitambaa mmoja, mtu mzima, aliyefanyiwa upasuaji wa kizazi, naye pia alikuwa anasubiri damu. Jua la asubuhi lilimpiga muuza vitambaa machoni na kumharibia usingizi. Binti yeye alikuwa analitamani, maana kule gizani hakumwona mtoto vizuri na alikuwa hajaamua anafanana na nani.

Wakaelewana wao kwa wao. Asubuhi, baada ya uji, wakabadilishana vitanda, na mashuka na ndoo na chupa za chai, wakicheka kama watu wanaohamia nyumba mpya. Muuza vitambaa alimwambia binti kwamba kodi ya dirishani ni kubwa. Mfagiaji aliwaona. Kitanda cha Sita aliwaona na akasaidia kubeba mto. Manesi hawakuona kitu, kwa sababu vitanda vilikuwa palepale.

Binti alimlaza mtoto mapajani kwenye mwanga, akamkagua masikio.

"Shangazi, huyu ni babu mtupu," alisema.

"Babu yupi, mwanangu? Wako au wa kwao?"

"Wa kwetu. Tazama alivyokunja uso, kama anadai kitu."

Shangazi akainama kutazama, akakubali kwamba ni babu.

Mfuko uliletwa kutoka maabara kabla ya saa ya kuona wagonjwa kwisha. Ulikuwa wa muuza vitambaa. Jina lake liliandikwa juu yake kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa kalamu nyingine: kitanda cha tano. Chapuchapu alisoma namba ya kitanda. Akaubana mfuko kwapani, akaenda kumpa mtoto wa kitanda cha kwanza dawa ya macho, akatafuta mkasi uliopotea, akaupata, akakumbuka mfuko. Haukuwa umelalamika hata mara moja. Ulikaa pale kwapani kama kitu kilichokuwa pale miaka yote. Alijisemea moyoni kwamba laiti mifuko yote ingekuwa na adabu namna hii.

"Kitanda cha Tano, damu yako hii hapa," alisema.

"Asante, sista," alisema binti. "Mimi nilijua yangu ni kesho."

"Umepata bahati. Nyoosha mkono."

Shangazi aliuangalia mfuko ukitundikwa. Alikuwa amekaa wodini siku za kutosha kujua mambo yanavyokwenda.

"Mbona huu hausemi?" aliuliza. "Ule wa jana wa kitanda cha tisa ulitusimulia mpaka ng'ombe wao walivyoibwa."

"Mama, ukinyamaza maana yake hauna tatizo. Ungekuwa na tatizo ungesema. Damu yenyewe itasema." Hata hivyo, kwa kumridhisha yule mama, Chapuchapu aliusogezea mfuko sikio. "Ndiye huyu?" aliuliza. Alisubiri kiasi cha mtu kuvuta pumzi. "Ndiye," akajijibu, akafungua mrija.

Kengele ikalia ya kuwatoa wageni. Shangazi akambusu mtoto kichwani, akachukua kikapu chake, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi nje. Chapuchapu naye akaondoka. Ile robo saa ya kukaa kando ya mgonjwa aliijua, angeweza kuieleza mbele ya ukumbi mzima, lakini chai yake ilikuwa inapoa na Kitanda cha Kumi na Mbili alikuwa anaita.

Alipokuwa anapita, muuza vitambaa alimshika gauni kutoka kitanda cha saba.

"Sista, damu yangu vipi? Niliambiwa ni leo."

"Wewe ni kitanda gani?"

"Hapa nilipo."

"Kitanda cha Saba ni kesho, mama. Tuwe na subira."

Muuza vitambaa alitaka kusema neno jingine lakini Chapuchapu alikuwa ameshafika kwenye birika.

Aliyepiga kelele ni Kitanda cha Sita. Binti alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Alisema mgongo unamvunjika, kifua kinambana, na ule mkono unawaka moto. Alisema, "Sista, naogopa," na akasema tena. Mtoto alikuwa bado mapajani mwake, na ilibidi Kitanda cha Sita amchukue asianguke.

Hapo Chapuchapu alifanya kila kitu sawasawa. Alifunga mrija papo hapo, akauondoa mfuko, akamwekea dripu ya maji ya chumvi, akapiga mbio kumwita daktari, akapima presha, akamshika binti mkono asimwachie. Yote aliyoyaandika kwenye mtihani aliyafanya, kwa mpangilio uleule, bila kukosea hata moja, na daktari alipofika hakuwa na la kuongeza. Lakini nusu ya mfuko ilikuwa imeshaingia, na ilikuwa ya kundi lisilopatana na la binti hata kwa dawa. Walihangaika naye mchana wote. Alasiri akafa.

Iliuma. Isidhaniwe haikuuma. Chapuchapu alijifungia chooni akalia kilio cha kweli, amejiziba mdomo kwa upindo wa gauni, na manesi wengine walisimama nje ya mlango wakilia pia. Shangazi aliitwa kutoka kwenye benchi. Hakupiga ukelele. Alikaa kwenye kitanda cha tano karibu na binti wa kaka yake, akamfunika miguu, akamchukua mtoto. Kwenye kifundo cha mkono wa mtoto palikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa: mtoto wa kitanda cha saba. Shangazi alikibandua kwa ukucha, taratibu sana asimwamshe, akakitupa kwenye ndoo. Kisha akasimama na mtoto, akachukua kikapu chake, akaondoka.

Kesho yake ilikaa kamati: mganga mkuu, metroni, na mtu wa maabara. Kwanza ilimwita Chapuchapu aeleze taratibu za kuongeza damu, akazieleza zote. Mganga mkuu alisema kwamba mtu anayejua kiasi hicho hawezi kusemwa hakujua, kwa hiyo upande huo hauna hoja. Kisha ukaitwa mfuko. Uliletwa kwenye sinia, nusu mtupu, ukalazwa mezani juu ya karatasi safi.

"Ulijua kwamba siye?" aliuliza mganga mkuu.

Mfuko ulinyamaza.

"Ulipewa nafasi ya kusema?"

Ulinyamaza. Chapuchapu akathibitisha kwamba ulipewa, tena kwa kusogezewa sikio.

Kamati ikaona kuwa kimya cha mfuko ni kukiri. Ikaamua kwamba chanzo cha kifo ni damu iliyokuwa na taarifa muhimu ikakaa nazo. Ikaagiza kwamba tangu siku hiyo hospitali ipokee damu ya watu wasemaji tu. Na kwa kuwa lazima manesi nao wafanyiwe kitu, ikaagiza semina nyingine. Metroni aliuliza kama waagize biskuti zilezile. Akaambiwa zilezile.

Mtu wa maabara alimkuta Chapuchapu kwenye korido akielekea nje.

"Pole, dada," alisema. "Sikutaka kusema mle ndani. Ule mfuko ulikuwa wa mzee wako."

Chapuchapu alirudi nyumbani jua bado liko juu. Fundi saa alikuwa kwenye meza yake, lakini lenzi hakuwa ameivaa na saa iliyokuwa mbele yake ilikuwa wazi, vipande vyote nje, kama ilivyokuwa jana yake alasiri alipoacha kazi ghafla akaweka koleo chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka safari mbaya. Habari zote alikuwa nazo. Zilikuwa zimemfikia kwa njia ya damu.

Chapuchapu alivuta kiti akakaa upande wa pili wa meza. Hakukumbuka kama aliwahi kukaa pale.

"Ulijua siye," alisema.

Fundi saa akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa kwa nini hukusema? Nilikuuliza, mume wangu. Nilikusogezea sikio nikakuuliza."

"Uliuliza," alisema fundi saa. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko alivyoikumbuka. "Ukajijibu."

Chapuchapu akatazama ukuta. Ulikuwa wa rangi ya kijani iliyokoza, na kwa mara ya kwanza ikamjia kwamba huenda mumewe haipendi. Akaanza kulia tena. Fundi saa alimngoja amalize, kama alivyozoea kungoja, na alipomaliza, akamuuliza swali. Katika ndoa yao yote lilikuwa ndilo la kwanza.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Nani?"

"Yule binti."

"Ni yule wa kitanda cha ta—" alianza Chapuchapu. Alifikiri kwamba kwa kweli alikuwa wa cha saba. Alitafuta kichwani. Aliona masikio ya mtoto, aliona kikapu cha shangazi, aliona mkono ule alioushika mpaka ukapoa. Jina hakuliona. Fundi saa alisubiri jibu mpaka sebule ikaingia giza, ndipo akavaa lenzi yake akaanza kurudisha vipande vya saa mahali pake.

Siku za mbele maabara ilianza utaratibu mpya. Kila aliyekuja kutoa damu aliulizwa njia ya kwenda sokoni. Aliyejibu kwa ufupi alishukuriwa, akapewa soda, akarudishwa kwao. Aliyeeleza njia, akaeleza na njia ya mkato, akaeleza na nani anauza ghali na kwa nini, alilazwa akachomwa sindano. Fundi saa alikwenda mwenyewe bila kutumwa. Walipomuuliza njia ya sokoni alifikiri kwanza, kwa sababu alitaka kusema iliyo sahihi, na alipofungua mdomo akakuta wameshamshukuru. Jokofu likajaa damu ya wanadi minada, ya wagombea walioshindwa uchaguzi, ya watu wanaojua habari za kila nyumba, na ya dalali mmoja wa viwanja ambaye katika maisha yake hajawahi kutamka neno "sijui". Manesi nao wakarudi semina, wakala biskuti, wakafanya mtihani. Wote walipata yote.

Chapuchapu hakulala vizuri siku hizo. Swali la mumewe lilimkaa. Asubuhi ya siku moja alivaa gauni lake la kazi akajiapia mbele ya kioo kwamba leo, liwe liwalo, kabla ya kutundika damu atamuuliza mgonjwa jina. Alijaribu hata namna ya kuuliza. Unaitwa nani, mama? Akaona si jambo gumu.

Damu ya siku hiyo ilikuwa ya kitanda cha tano, na ilikuwa ya yule dalali. Aliutoa mfuko jokofuni akaubana kwapani. Mfuko ulilisifu kwapa. Ulisema kwapa kama hili halipatikani siku hizi, lina nafasi, liko karibu na huduma zote. Ulisema hivyo korido nzima mpaka wodini.

Kitanda cha tano, dirishani, alikuwepo mama mmoja mwenye miwani, anajipepea kwa kadi ya kliniki. Chapuchapu alisimama mbele yake.

"Mama," alisema. "Una—"

"Ndiye huyuhuyu," ulisema mfuko.

"Sijauliza bado."

"Huna haja. Huyu namjua vizuri, huyu ni kama ndugu yangu. Tulikutana maabara, tukaongea sana. Tundika, dada, usijichoshe bure, una wagonjwa wengi."

"Samahani, sista," alisema yule mama mwenye miwani. "Mimi hapa nimehamia leo asubuhi tu, kwa ajili ya jua. Yule mwenye—"

"Umesikia?" ulisema mfuko. "Kwa ajili ya jua. Nilijua atasema hivyo. Ndiye."

Chapuchapu alitazama mfuko, akamtazama mama. Kwenye birika chai ilikuwa tayari. Kitanda cha Kumi na Mbili alikuwa anaita. Ule mfuko mwingine, akakumbuka, haukusema neno, ndipo yakatokea yaliyotokea. Na huu ulikuwa unasema, tena bila wasiwasi wowote.

"Haya, Kitanda cha Tano," alisema. "Nyoosha mkono."

Mama akanyoosha. Chapuchapu akaunganisha mrija, akaufungua, akaenda kwenye chai yake. Damu ikaanza kushuka tone kwa tone, na mfuko ukawa unamweleza yule mama njia ya kwenda sokoni.